Funguo za Pijo usimpe huyo fundi

Mbukwenyi mwanangu!

Picha zote za Pijo (Peugeot) yako nimeziona na nimeamua kukujibu kwa barua ndefu, maana kwa simu najua utaniitikia ndio ndio alafu ufanye unachotaka kama kawaida yako. Huyo fundi anayekwambia wiki moja tu Pijo inatoka inang'aa, funguo usimpe. Sijasema ni mwizi, inawezekana kabisa ni fundi mzuri wa kunyoosha IST iliyogongwa juzi, ila wewe unazungumzia Peugeot 404 iliyokaa Tanga pembeni ya bahari tangu enzi za babako mdogo.

Irudie ile picha ya chini ya mlango wa abiria. Rangi imefura kama andazi, umeona? Hiyo kutu inatoka ndani kuja nje, sio mkwaruzo. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isichubue rangi, uipitishe taratibu kuanzia kwenye kitasa kushuka chini. Huko juu itashika, ukifika chini ikaanza kulegea ikadondoka ujue hapo bati hamna, ni puti tupu (ule unga mzito wa kuziba mabonde kabla ya rangi) ya fundi wa zamani, na huyu wako mpya atapiga puti juu ya puti, apulize rangi, ale hela yako. Puti inanyonya maji bana! Ukiikalisha juu ya kutu itashika kwa muda alafu masika ya huko kwenu yakipita inaachia pamoja na rangi yote iliyo juu yake.

Gari langu mimi, 404 kama hiyo, liko hapa Kizota, Dodoma, bodi tumeshamaliza kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa macho. Mzee wetu fundi kwanza alilivua lote, vioo, mipira, urembo wa kromu, madigadi ya mbele (ya 404 yanafungwa kwa bolti, unafungua yanatoka mazima, raha sana). Nyuma ya taa za mbele tukakuta udongo umejishindilia humo, ukinyesha unalowa na haukauki haraka, na bati la nyuma yake limeshakuwa wavu. Milango nayo kwa chini ina vitundu vya kutolea maji, vikiziba na uchafu mlango unakuwa ndoo, ndo maana unaoza kuanzia chini. Vya kwako naweka dau vimeziba vyote, choma na waya leo leo hata kabla hujaamua chochote.

Sehemu iliyonifundisha uvumilivu ni kuchomelea. Mzee anakata hadi afike kwenye bati zima, sio pale kutu inapoonekana kuishia, alafu anakata kiraka cha bati la geji 20 na kukichomelea kwa vidoti, kimoja huku, kingine kule mbali, anakaa anasubiri papoe, anapiga soga za Kondoa, anarudi anaweka kingine. Mimi nachemka kwa haraka yangu, yeye wala. Bati la gari ni jembamba, likipata moto mwingi sehemu moja linajikunja na kulirudisha ni shughuli pevu. Kwenye boneti palikuwa na sehemu inabonyea na kurudi ukiigusa, toko, toko, nikajua hapo ni puti tu, kumbe bati lilishavutika na ukilipiga nyundo ndo linazidi kutanuka, akalipasha moto kidoti kidogo akalipoza na tambara bichi likakaza. Puti aliyokuja kupaka hapo haizidi unene wa kadi ya simu.

Bati likishakuwa uchi linapigwa praima ya epoksi, rangi ya chini ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Hapa hewa ni kavu na bado mzee hataki lilale uchi, sasa fikiria huko kwenu kwenye upepo wa chumvi, ukiamka tu unakuta wekundu. Baada ya hapo ni msasa. Namba 80 kwenye puti, alafu 180, alafu 320, na wote umezungushiwa kibao, ukitumia kiganja vidole vinachimba mifereji ambayo huioni mpaka rangi ikae. Kabla ya kusugua anapuliza rangi nyeusi nyepesi kama vumbi juu ya praima yote, ukipitisha kibao sehemu zilizonyanyuka zinafutika na mabonde yanabaki meusi, hapo hata mimi nisiye fundi naona kosa liko wapi. Mwambie huyo jamaa yako akuonyeshe anavyofanya hiyo hatua. Akicheka umepata jibu.

Na habari ya kuipaka nyeusi achana nayo. Nyeusi haifichi kitu, kila wimbi la bati utaliona mchana kweupe. Fungua buti, nyanyua mkeka, utakuta rangi ya mwanzo ambayo jua halijawahi kuigusa, hiyo ndo uipeleke dukani wakachanganye. Na mistari ya rali usibandike, nakujua. Najua 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati alikuwa Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania na Chris Rothwell, na mwaka 1968 zilimaliza gari 7 tu, heshima hiyo gari inayo bila stika. Yale mapezi ya nyuma ya Pininfarina yanatosha.

Kingine ni muda. Hapa mvua zinakata Aprili, na kuanzia Juni ule upepo wetu unaanza kubeba mchanga wote wa Dodoma, kwahiyo Mei ndo mwezi wa kupuliza rangi, alfajiri, sakafu imemwagiwa maji vumbi lilale. Jua likishakuwa kali thina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) ya kukauka haraka inakaukia hewani na rangi inatua imekuwa chenga, ukipapasa inakwaruza, hapo inatakiwa thina ya kukauka polepole. Alafu kuna hadina, dawa ya kugandishia hizi rangi za kisasa, ina sumu inayoharibu mapafu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kwahiyo siku ya kupuliza wewe utakaa kwangu unakunywa chai, usije kusimama pale kushangaa.

Ipakie kwenye lori la kubeba magari, Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo, inafika. Urembo wa kromu ung'oe mwenyewe uufunge kwenye blanketi, usimwachie mtu, maana bati tutachonga ila ule hauchongeki. Hela mzee anachukua kwa hatua, bati kwanza, unakuja unaangalia, ndo mnaongelea rangi.

Msalimie shemeji, mwambie lile zulia la siti ya nyuma asilifue linatupa vipimo. Nijibu kabla ya Ijumaa, kuna Land Rover ya watu inasubiri nafasi hapa gereji na mzee ameshaanza kuiangalia kwa jicho la tamaa.

Wako,
wa Kizota