Chumba chako kiko upande gani?

Katesh

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, goti limepata nafuu tangu aanze kulichua kwa dawa uliyotuma. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwezi ujao unatoka Viterbo kwenda kufanya kazi msimu mzima huko Civita di Bagnoregio, kile kijiji cha Italia kilicho juu ya mwamba, kwenye nyumba ya wageni, na pa kulala utapewa hukohuko juu. Hongera kwa kupata kazi. Lakini hukuandika chumba chenyewe kiko upande gani wa kijiji. Ukingoni au katikati? Nijibu hilo kwanza.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikaa na simu nikisoma habari za kijiji hicho mpaka bando likakata. Ni pazuri, sikatai. Ila mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja haangalii maua ya madirishani, anaangalia nyumba zimesimama juu ya nini.

Zimesimama juu ya jiwe la majivu ya volkano, majivu yaliyorushwa enzi hizo na milima ya moto ya upande wa ziwa Bolsena. Ni jiwe laini, linachongeka. Ndiyo maana Waetruski, watu wa kale wa Italia walioanza kuishi hapo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, waliweza kulitoboa njia na mapango. Ubaya uko chini yake. Chini kuna udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari, na vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, vinaula kila mvua inaponyesha. Udongo ukishaliwa, jiwe la juu linabaki halina mguu. Linapata ufa, ufa unapanuka, halafu siku moja kipande kinashuka bondeni pamoja na kilichojengwa juu yake. Mtakatifu Bonaventura alizaliwa hapo karne ya 13, na nyumba aliyozaliwa ilishakwenda na ukingo. Ndiyo maana nauliza habari za chumba.

Wenyeji walilijua hilo. Baada ya tetemeko la tarehe 11 Juni 1695, askofu na wakuu wa mji walihamia Bagnoregio, ng'ambo ya bonde, na watu wengi wakawafuata. Shingo ya ardhi iliyounganisha pande mbili nayo ikaliwa mpaka likabaki korongo, ndiyo hapo lilipowekwa daraja la zege mwaka 1965. Mwisho wake lina mwinuko mkali, kwa hiyo acha vile viatu vya kisigino. Leo wanaoishi Civita mwaka mzima ni kama kumi tu. Sithubutu kuwalaumu waliobaki. Wameushikilia mwamba wao kwa nondo za chuma, na tangu 2013 mgeni akivuka daraja analipa kiingilio. Hata makumbusho ya maporomoko wanayo, ndani ya Palazzo Alemanni. Nenda siku yako ya kwanza, kabla hujatandika kitanda hata kimoja. Muulize mhudumu ni kingo zipi zimeanguka miaka ya karibuni, uandike kwenye daftari. Halafu linganisha na chumba chako.

Kutandika vitanda, mwanangu. Ulikwenda kusomea kilimo. Hilo nalisema mara moja tu, silirudii, maana najua pesa ya mwezi uliopita ilikuja huku badala ya kulipa pango lako. Kanisani nimewaambia wote kwamba binti yangu anazungumza Kiitaliano na wenyewe wanamwelewa.

Ya Desemba 2023, tope la mlima liliposhuka hapa Katesh, sina haja ya kukusimulia. Ila kile kiwanja, mama yako alisema tangu mwanzo kwamba kimekaa njia ya maji. Mlima Hanang nimeuchora ubaoni kila mwaka, na mshale wa mteremko nikauweka kwa chaki nyekundu. Bei ya kiwanja ilikuwa nafuu, na mlikuwa wanne mnaosoma.

Tulipo sasa ni tambarare. Bati za jikoni zimeisha kupigiliwa, bado mlango. Ng'ombe mweupe kazaa dume. Mdogo wako anataka kuacha ufundi umeme ajiunge na bodaboda, mwandikie wewe, mimi hanisikii.

Ukifika chumbani, usiku wa kwanza washa taa, sogeza kitanda, kagua ukuta wa nyuma na sakafu inapokutana nao. Ukikuta ufa, chukua penseli, piga kistari mwisho wa ufa pande zote mbili na uandike tarehe. Mvua kubwa ikipita, angalia tena. Ufa ukivuka kistari, usimsubiri mwenye nyumba. Beba begi, vuka daraja, ukalale Bagnoregio kwa mtu yeyote. Kazi nyingine itapatikana.

Mama yako amefurahi kusikia kwamba Ijumaa Kuu msalaba wa kanisa la San Donato hubebwa mpaka Bagnoregio, na kwamba msalaba huo ni lazima urudishwe Civita kabla ya saa sita usiku. Anataka picha. Ya udongo sikumsimulia. Nilimwambia chumba chako kiko katikati ya kijiji, mlango unatazamana na kanisa. Nijibu kabla hajakuuliza.

Baba yako