Tusiige kila muamala wa wakurugenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wenzangu, hasa vijana wanaonunua hisa za Marekani kwa simu, kuhusu tabia ya kuiga kila muamala wa wakurugenzi wa kampuni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inawataka wakurugenzi, maofisa wakuu na wenye zaidi ya asilimia 10 ya hisa kutangaza wanaponunua au kuuza, na tangu mwaka 2002 taarifa hiyo, yaani Fomu namba 4, hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 2 za kazi, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Hilo ni jema. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakiuza hisa zao kwa hofu kwa kuwa tu mkuu wa kampuni ameuza zake, ilhali huenda aliyapanga mauzo hayo miezi kadhaa kabla, au hisa zilikatwa kulipia kodi ya zile alizopewa kama sehemu ya malipo yake ya kazi.

Fomu yenyewe hutofautisha kwa herufi: P ni ununuzi, S ni mauzo, F ni makato ya kodi. Mimi huipa uzito P, hasa wakurugenzi kadhaa wanaponunua kwa fedha zao katika kipindi kifupi, na hata hapo husoma kwanza hesabu za kampuni.

Naliomba gazeti lako, linapochapisha habari za miamala hii, litaje pia herufi iliyoandikwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam