Kwa mgeni mkaazi, safari ya ndani nayo ina mipaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuhusu wafanyakazi wa kigeni na safari za ndani wakati wa janga la maradhi. Msomaji huyo, ambaye anasema aliishi ughaibuni katika miaka yote ya UVIKO-19, anatoa hoja kwamba mtu aliyezuiwa kwenda kwao kuwaona wazazi wake, na ambaye kila siku anatoka kazini na kurudi katika chumba kilekile, hana kosa lolote akiitumia likizo yake kuizuru nchi anayoishi, kwa sababu safari ya ndani haivuki mpaka na kwa hiyo haina mashaka ya safari ya kimataifa. Kuhusu uchovu na upweke anaousimulia sina la kumpinga, maana nami niliuonja. Ninachokipinga ni hilo la mpaka, na ninalipinga kwa nguvu kwa sababu lilinigharimu.

Wuhan, nchini China, ilifungwa tarehe 23 Januari 2020 kwa tangazo lililotolewa kama saa nane usiku na kuanza kutekelezwa saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo. Wananchi wa India walitangaziwa zuio la nchi nzima saa mbili usiku tarehe 24 Machi 2020, na ilipotimu saa sita usiku zuio lilikuwa limeanza, mamilioni ya vibarua wakabaki mijini bila kazi wala usafiri wa kuwafikisha makwao. Jimbo la Western Australia liliwafungia mipaka watu wa majimbo mengine ya Australia mwanzoni mwa Aprili 2020, na ingawa masharti yalikuwa yakilegezwa na kukazwa kulingana na hali ya maambukizi, mipaka hiyo haikufunguliwa kikamilifu hadi Machi 2022. Katika mifano yote hii hakuna aliyeombwa pasipoti, na wengi wa waliokwama walikuwa raia, wenye lugha ya pale na jamaa wa kuwapigia simu.

Mfano wa Japani unamhusu mgeni mkaazi moja kwa moja. Kuanzia Aprili 2020 nchi hiyo iliwazuia wakaazi wengi wa kigeni wasirejee wakishatoka, hata waliokuwa na vibali halali, nyumba na ajira, na ikachukua miezi kadhaa kabla masharti hayo hayajalegezwa. Bila shaka wengi waliona kwamba kilichobaki ni kutembea ndani. Julai mwaka huohuo serikali ikaanzisha mpango wa kuwalipia watu sehemu ya gharama za safari za ndani ili kuinusuru sekta ya utalii, na mwishoni mwa Desemba mpango huo ukasimamishwa nchi nzima kwa kuwa maambukizi yalikuwa yamepanda. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba ruhusa ya serikali, hata ikiambatana na msaada wa fedha, ni ruhusa ya siku ile ilipotolewa. Anayepanga safari ya mwezi ujao kwa kutegemea tangazo la leo amejenga juu ya kitu kisichotulia.

Sasa nieleze yaliyonipata mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitatu katika nchi ambayo sitaitaja, kwa kuwa watu wake walinitendea wema mwingi. Masharti yalipolegezwa kwa mara ya kwanza nilikata tiketi ya basi kwenda mji wa milimani, mwendo wa saa nane, kupumzika kwa siku sita. Kwenye kizuizi cha kuingia mkoa ule tulishushwa, tukapimwa joto mmoja mmoja kwenye paji la uso, kisha tukapewa fomu ya kurasa mbili. Nilijaza jina, namba ya kibali, mahali ninakotoka na mahali nitakakofikia. Mstari wa mwisho uliuliza jina na simu ya ndugu au jamaa wa karibu ndani ya mkoa. Abiria wote waliokaa karibu nami waliujaza bila kufikiri. Mimi nilisimama na kalamu mkononi hadi muuguzi aliponijia, na nilipomweleza kwamba sina mtu aliniambia kwa upole niandike chochote, basi nikaandika simu ya mwenye nyumba wangu aliyekuwa umbali wa saa nane kutoka pale.

Siku ya nne mkoa ulifungwa. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimebakiza siku 11, na ofisi ya kukihuisha ilikuwa katika mji niliotoka, ambako sheria ilinitaka nifike mimi mwenyewe. Dawa zangu za shinikizo la damu nilikuwa nimezihesabu kwa siku 10. Mfamasia wa mji ule hakuitambua dawa niliyomtajia, kwa sababu nilijua jina la kibiashara lililoandikwa kwenye pakiti za kule nilikozoea kununua, wala sikuwahi kujifunza jina halisi la dawa yenyewe, ambalo ndilo linalofanana kila mahali. Aliniomba pakiti, na pakiti nilikuwa nimeitupa ili kupunguza mzigo. Ilibidi nipigiwe simu mara tatu na zahanati ya kazini ndipo nikapata vidonge, na kwa siku mbili nilikaa bila dawa. Nyumba ya wageni ilinitoza kila usiku kama kawaida, nami siwalaumu, kwani nao walikuwa na mishahara ya kulipa. Nilitoka pale siku ya 17. Kuhusu kibali, nchi nyingi wakati ule ziliongeza muda wa vibali vilivyoisha wakati wa mazuio, na nyongeza hiyo iliniokoa, lakini niliijua siku tatu baada ya kutangazwa kwa sababu tangazo lilikuwa katika lugha ninayoizungumza sokoni na nisiyoweza kuisoma vizuri katika maandishi ya kisheria.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, swali ambalo mgeni mkaazi anapaswa kulijibu kabla ya kukata tiketi ni kama anaweza kukwama kule aendako kwa wiki mbili au tatu bila kumwelemea mtu na bila kupoteza hadhi yake ya kisheria. Wengi huuliza tu kama wanaruhusiwa kwenda. Mwenyeji akikwama ana shangazi, ana rafiki wa shule, ana mahali pa kulala kwa shukrani tu. Mgeni akikwama anategemea akiba yake, na baada ya akiba anategemea huruma.

Bima nayo isomwe neno kwa neno. Bima nyingi za safari huanza kufanya kazi mtu anapotoka nje ya nchi anamoishi, kwa hiyo mgeni mkaazi anayesafiri ndani mara nyingi anabaki na bima ya afya ya kazini peke yake, ambayo huenda ikalipa katika hospitali zilizoorodheshwa tu, na orodha hiyo huwa ndefu katika miji mikubwa na fupi sana kwingineko. Kisha, UVIKO-19 ulipokwisha kutangazwa, kampuni nyingi ziliuhesabu kuwa tukio lililokwisha kujulikana, zikakataa kufidia gharama za waliokata tiketi baada ya hapo. Wapo wanaodhani ubalozi utaziba pengo hilo. Ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria, kuwataarifu ndugu na kumfuatilia raia wake aliyezuiliwa, lakini hauna mamlaka ya kumtoa mtu karantini wala haulazimiki kumlipia chumba.

Mpaka hapa nimemzungumzia msafiri, na ningekuwa mbinafsi nikiishia kwake. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika janga, mgeni anafika akiwa mzima kwa macho ya kila mtu na mwenyeji anaugua baada yake. Aina za mwanzo za virusi vya korona zilichukua wastani wa siku tano hadi sita tangu mtu aambukizwe hadi aone dalili, na kwa wengine muda huo ulifika siku 14, na mtu aliweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajahisi chochote. Tuiweke hesabu hiyo juu ya likizo ya wiki moja: aliyeambukizwa Jumamosi stendi atakula na kuzungumza na watu Jumapili na Jumatatu bila wasiwasi, kufikia Jumanne au Jumatano anaweza kuwa ameanza kuambukiza, na homa itampanda Alhamisi, akiwa katika mji wenye hospitali ndogo iliyopangiwa mitungi ya oksijeni kwa idadi ya watu wa pale. Cheti cha kipimo alichobeba hakiondoi hesabu hiyo, kwa sababu kinaeleza hali ya siku sampuli ilipochukuliwa, na aliyeambukizwa jana yake kwa kawaida hutoka bila kuonekana. Nasema haya nikijua kwamba mwenyeji anayesafiri naye hubeba hatari ileile. Tofauti ni kwamba mgeni mkaazi mara nyingi hutoka mji mkubwa wenye maambukizi mengi na kwenda mahali pasipo na mgonjwa hata mmoja, kwa kuwa ndipo penye mandhari nzuri na utulivu anaoutafuta.

Nisieleweke kwamba nataka wageni wafungiwe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika ibara ya 12, unampa uhuru wa kutembea kila aliyemo kihalali ndani ya nchi, bila kusema kwamba lazima awe raia, na unaruhusu uhuru huo uwekewe mipaka kwa sheria pale inapohitajika kulinda, pamoja na mengine, afya ya umma. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 nazo zinataka hatua za kiafya zitekelezwe kwa uwazi na bila ubaguzi. Zuio likimhusu kila anayetoka mkoa wenye maambukizi, mgeni anapaswa kulitii kama wengine. Likimhusu kwa sura yake, hilo ni jambo jingine kabisa. Katika safari yangu ileile, nyumba ya wageni ya kwanza niliyobisha hodi mhudumu alichukua pasipoti yangu akaifungua ukurasa kwa ukurasa, akitafuta muhuri wa kuingia nchini, na alipoukuta aliuonyesha kwa mwenzake kwa kidole bila kusoma mwaka ulioandikwa. Muhuri ule ulikuwa wa miaka mitatu nyuma, kabla virusi hivyo havijajulikana popote duniani. Nilimwonyesha kadi ya ukaazi, akasema haijui. Nililala kwingine. Mhudumu yule sidhani kama alikuwa mtu mbaya, maana alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa umeletwa na wageni, na hakuna aliyemweleza tofauti ya aliyeshuka kwenye ndege juzi na anayelipa kodi ya mapato pale kwa miaka mitatu.

Hapo ndipo naomba magazeti, likiwemo hili, na mamlaka zinazotoa matangazo wakati wa janga, wafanye kazi ambayo haikufanyika vya kutosha. Tangazo la kufunga mkoa litaje waziwazi nafasi ya mgeni mwenye kibali cha ukaazi: je, anahesabiwa kuwa mkaazi wa mji aliosajiliwa, anaruhusiwa kurudi huko baada ya mkoa kufungwa, na kibali chake kikiisha akiwa upande wa pili atafanya nini? Maswali hayo matatu yakijibiwa katika aya moja, kwa lugha nyepesi na kutafsiriwa katika lugha mbili au tatu zinazosomwa na wageni wengi wa pale, watu wengi hawatalazimika kukisia. Waajiri nao wanaoajiri wageni wasiishie kutoa likizo. Wamuulize mfanyakazi anakwenda wapi, na wamwambie mapema kama siku za kukwama zitahesabiwa kazi, likizo au utoro, kwa sababu wengi wa wenzangu walirudi mjini kwa njia za panya kwa kuogopa kupoteza ajira, na njia hizo hazina kipimo cha joto wala fomu.

Kwa msomaji aliyeandika wiki iliyopita nina ombi la ndugu kwa ndugu. Asiwashauri vijana wetu walioko nje kwamba safari ya ndani ni jambo dogo. Awaambie wakague tarehe ya kibali kabla ya tarehe ya tiketi, wabebe dawa za mwezi mzima pamoja na karatasi yenye majina halisi ya dawa hizo, wawe na akiba ya kulala wiki tatu zaidi ya walizopanga, na wakikosa mojawapo ya hayo waahirishe. Nilikuwa na umri wa kutosha kuyajua haya na sikuyafikiria, kwa sababu nami niliamini kwamba nisipovuka mpaka nipo nyumbani.

Mwaka uliofuata nilisafiri tena ndani ya nchi ileile, baada ya chanjo, nikaenda mkoa anakotoka mfanyakazi mwenzangu. Kabla ya kulipia chochote nilimpigia simu mama yake, nikamweleza kwamba huenda mkoa ukafungwa nikiwa huko, nikamuuliza kama naweza kukaa katika chumba cha uani, mbali na wazee wa nyumba, kwa muda wowote utakaohitajika. Alifikiri siku mbili kabla ya kunijibu, nami nilimheshimu kwa kufikiri. Kwenye kizuizi tulishushwa tukapewa fomu ya kurasa mbili, na nilipofika mstari wa mwisho niliandika jina lake na simu yake.

Wako katika utumishi wa wasomaji,
Mfanyakazi aliyerejea kutoka ughaibuni