Kilichonitoa mchezoni hakikuwa ndoa yangu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mwanamke aliyeolewa akionekana anakesha na gemu za mtandaoni basi nyumba yake imemshinda. Nimeisoma barua yake mara mbili, mara ya pili nikiwa na kitambaa cha mteja mapajani, na nimeona nisinyamaze.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, nina miaka 43 na watoto watatu. Ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12. Na nacheza. Nilianza mwaka 2020, nilipovunjika kifundo cha mguu nikishuka kwenye bajaji, nikafungwa bandeji gumu, nikawa wa kulala na kukaa tu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, kwa hiyo kazi ilisimama. Mtoto wa dada yangu akaichukua simu yangu, akaniwekea mchezo, akaniambia, "Mama mdogo, hii itakupunguzia mawazo."

Mchezo wenyewe unaitwa Old School RuneScape. Ni dunia ya kubuni yenye wachawi, mazimwi, wafalme, misitu na bandari, na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wamo humo kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake anayemwongoza. RuneScape ya kwanza ilianza mwaka 2001 huko Uingereza. Hii ninayocheza mimi ilitoka mwaka 2013, baada ya wachezaji kupiga kura kutaka warudishiwe ile waliyoizoea ya mwaka 2007, na tangu mwaka 2018 inachezeka kwenye simu. Hilo la simu ndilo lililoniingiza. Kompyuta sina.

Humo ndani huanzi kwa kuua joka. Unaanza kwa kukata miti na kuvua kamba kwa wavu mdogo, unawapika, unawaunguza, unavua tena. Kila kazi ina madaraja, kuanzia 1 hadi 99. Kufika 99 unatakiwa uwe na alama 13,034,431, na vijana hushangaa sana wakigundua kwamba ukifika daraja la 92 ndipo umefika nusu ya safari. Mimi sikushangaa. Gauni la harusi ndivyo lilivyo. Ukishakata, ukaunga mabega, ukatia mikono, mteja anaona limekwisha, kumbe shanga, vifungo na pindo ndivyo vitakavyokula usiku wote uliobaki.

Tena mchezo huu unamvumilia mtu wa mbali. Mitambo yake inahesabu kila tendo kwa hatua ya sekunde 0.6, kwa hiyo hata nikichelewa kidogo kwa sababu amri yangu inasafiri kutoka Tanga mpaka Ulaya, bado nawahi. Nimejaribu gemu nyingine za kupigana, nikawa nakufa kabla sijajua nani kanipiga. Hii ina mwendo wa cherehani, tak, tak, tak, na mkono ukishaushika mwendo huo hauuachi.

Sasa nije kwenye nyumba yangu, maana ndiyo iliyotajwa. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, yuko baharini na taa zake mpaka alfajiri. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, basi anakuwa nyumbani. Kwa hiyo zile saa ambazo ndugu yule anadhani nimemwacha mume kitandani, mume hayupo kitandani. Watoto wamelala, kazi ya wateja imekunjwa, nimeshasali isha, na mimi niko macho namsubiri mtu aliye majini. Ambaye hajawahi kumsubiri mvuvi usiku wa upepo wa kusi hajui saa zile zinavyokuwa ndefu. Kabla ya mchezo nilikuwa nalala chali nahesabu mabati.

Mwaka 2021 waliingiza jambo jipya, pepo wa bahari aitwaye Tempoross. Mnamwendea kwa kundi katikati ya dhoruba. Mnavua samaki humo humo kwenye mawimbi na kuwapakia kwenye makasha, na hao samaki ndio risasi za mizinga. Moto ukizuka mnauzima kwa ndoo za maji. Wimbi kubwa likija, kila mtu akimbilie mlingoti ajifunge kamba, la sivyo linamsomba na samaki wake. Usiku mmoja wa mbalamwezi mume wangu aliketi nyuma ya bega langu akatazama. Kwanza alikosoa. Aliuliza mbona nahodha hapunguzi tanga, mbona hakuna hata baharia mmoja anayefua maji. Kisha wimbi likaanza kuinuka, akasahau yote aliyokuwa akiyasema, akanishika mkono kwa nguvu: "Jifunge! Jifunge!" Nikajifunga. Alikaa kimya kidogo, halafu akanieleza kuhusu usiku mmoja nje ya Pangani ambao alikuwa hajawahi kunieleza katika miaka yote ya ndoa yetu.

Upande huo wa bahari ni wa wanachama wanaolipa, na najua swali litakalofuata. Hela ya nyumbani haiguswi. Ndani ya mchezo kuna soko, na mtu mwenye pesa ya kweli anaweza kununua hati ya uanachama akaiuza pale kwa dhahabu ya mchezo. Hati moja inampa mtu siku 14. Mimi navua, natengeneza vito na nguo za ngozi, nauza, nanunua hati. Ninachotoa mfukoni ni bando tu, na bando nilikuwa nanunua tangu zamani kwa ajili ya wateja.

Haya ndiyo niliyoyataka yaeleweke kabla sijafika kwenye kilichoniuma.

Nilijiunga na kundi la wachezaji wanaozungumza Kiswahili. Walikuwemo vijana wa Mombasa, Dar es Salaam na Kilwa, na watu wawili walioko Muscat wenye asili ya Pemba. Tulikuwa tunaandikiana tu, na jina langu la mchezoni halionyeshi mke wala mume. Wakaniita kaka. Baadaye, kwa sababu ya subira yangu, wakaniita mzee. Wageni waliletwa kwangu niwafundishe. Nilikuwa mmoja wa wasimamizi watatu, na nikisema leo tunakwenda baharini, tulikwenda.

Mwaka 2023 kundi likaamua tuwe tunazungumza kwa sauti. Siku ya kwanza nikafungua kipaza sauti nikasema, "Assalaam alaykum, tupange safu." Pakawa kimya. Kisha mtu mmoja akasema, "Kumbe ni mwanamke?"

Kuanzia usiku ule kila kitu kilibadilika, na kilibadilika mikononi mwa watu wale wale. Aliyekuwa akiniuliza njia akaanza kunielekeza njia. Nikitoa amri, inasubiri mwanaume mwingine airudie ndipo ifuatwe. Wengine wakaanza kunipa zawadi ambazo sikuziomba, kisha wakakasirika nilipozirudisha. Niliambiwa nikae nyuma nisije nikaumia. Mtu aliyesema hivyo nilimfundisha mimi mwenyewe kujifunga kamba mlingotini.

Mmoja alivuka mpaka. Alianza kwa kuomba picha. Nikamwambia mimi ni mama wa watu, nina mume. Akaniambia nithibitishe. Nikamzuia asiweze kuniandikia humo. Lakini niliwahi kusema kundini kwamba nashona nguo za Idi, na picha za magauni yangu ziko mtandaoni na namba ya duka chini yake, kama fundi yeyote anavyotangaza kazi. Akaipata. Akapiga saa 8 usiku. Ilikuwa mbalamwezi, mume wangu yupo nyumbani, na simu ilikuwa upande wake. Akaipokea. Sauti ya kiume ikamuuliza, "Wewe nani?"

Mume wangu hakunipigia kelele. Alinikabidhi simu, akageukia ukutani, na tukalala hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri bila neno. Asubuhi niliketi naye nikamwonyesha kila ujumbe, tangu wa kwanza. Alisoma polepole, anasoma kwa kidole. Alipomaliza akasema, "Huyu hana adabu. Wewe umekosa nini?" Neno hilo nitalikumbuka mpaka nakufa.

Nikapeleka habari kwa kiongozi wa kundi. Nilidhani miaka miwili ya kazi yangu pale ina thamani. Alinijibu kwamba yule kijana alikuwa anatania, kwamba nisilikuze jambo, na kwamba mambo kama haya ndiyo sababu wanawake hawadumu kwenye gemu. Yule mtu alibaki kundini. Mimi nikaondoka.

Nilikaa miezi mitano bila kucheza. Nikarudi kuhesabu mabati.

Aliyenirudisha ni mmoja wa wale wawili wa Muscat. Tulikuwa tumecheza pamoja tangu mwanzo, naye aliitwa kaka kama nilivyoitwa mimi. Aliniandikia ujumbe mrefu akanieleza kwamba yeye pia ni mwanamke, ana watoto, na kwamba usiku ule niliposalimu kwa sauti yeye alikuwepo, akasikia yote, akanyamaza kwa kuogopa yampate yaliyonipata. Aliniomba radhi. Nililia, Mhariri, nikiwa dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tukaanzisha kundi letu. Wanaume wamo, na ni watu wazuri, wawili kati yao walitufuata kutoka kule baada ya kusikia kilichotokea. Tuko 19, wanawake 7. Hakuna kuombana picha. Kuzungumza kwa sauti ni hiari ya mtu. Anayemfuata mwenzake nje ya mchezo bila ridhaa anatolewa siku hiyo hiyo, na tumeshamtoa mmoja, mvuvi hodari kuliko sote. Tulimtoa tu.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na mtandao ukaanguka nchini kwetu. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita pwani siku chache tu kabla. Mtandao uliponirudia vizuri nilikuta ujumbe kumi na kitu kutoka kwa wenzangu. Waliosoma habari za kimbunga na kisha wasinione walidhani tumepatwa. Yule shoga yangu wa Muscat aliuliza kwanza kuhusu mume wangu, kama alikuwa baharini. Hajawahi kumwona. Hata mimi hajawahi kuniona. Ndugu mwandishi anaposema kule mtandaoni hakuna watu wa kweli, anisaidie jina la kumwita huyu mwanamke.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Wenye kuongoza makundi ya michezo, na wengi wao ni vijana wetu wa Tanga, Dar na Mombasa, mwanamke akija na ushahidi asiambiwe ni utani. Kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao ni kosa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja katika kifungu cha 23, na ujumbe unaotumwa gizani unabaki umeandikwa. Na wazazi wasiwanyang'anye mabinti simu kwa sababu ya uovu wa mtu mwingine. Binti yangu ana miaka 15 na anacheza. Akicheza anaketi sebuleni, pembeni yangu, na anajua akiandikiwa neno la ovyo atanionyesha mimi kabla hajalifuta. Amenionyesha mara mbili. Sikumgombeza hata mara moja, kwa sababu siku nitakayomgombeza ndiyo siku atakayoacha kunionyesha.

Na ndugu yangu uliyeandika, sikuandiki kwa chuki. Umeona mwanamke yuko macho usiku ukamuuliza anafanya nini. Ungeuliza pia ni nani anayempigia.

Jina langu mnalo ofisini, naomba msilichapishe. Namba ya duka nimeshaibadilisha. Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa rangi kwa miaka 11, na wateja wangu wa Muheza na Pangani bado wanaipiga bila kunipata.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga