Njia ya baiskeli imegeuka steji

Mhariri,

Kila asubuhi naendesha baiskeli kutoka Kahawa West hadi Eneo la Viwanda kupitia Thika Road. Barabara ile ilipofunguliwa mwaka 2012 tulifurahi kuona imewekewa njia ya baiskeli pembeni, jambo nadra jijini. Leo kuifuata ni kibarua. Hapa bodaboda wamejipanga wakingoja abiria, mbele kidogo mama mboga ametandaza sukuma wiki (simlaumu, wateja wake ndiko wanakopita), kisha njia inakatika ghafla kwenye ukingo wa zege. Unashuka, unaibeba baiskeli begani.

Mwezi jana nilikuta mfuniko wa mtaro umeng'olewa. Au tuseme gurudumu langu la mbele ndilo lililokuta, maana ilikuwa saa kumi na moja u nusu na giza bado. Rimu ilikunjika kama chapati. Fundi alinitoza shilingi 800, na kibarua cha siku hiyo nikakikosa.

Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Gazeti lako lituulizie imetimizwa kwa kiasi gani.

Wenzetu wa Critical Mass, kundi la waendesha baiskeli, huzunguka jiji pamoja mara moja kwa mwezi, na kwa wingi wao magari huwapisha. Jumatatu alfajiri mimi niko peke yangu. Naomba mfuniko urudishwe, na vizuizi viwekwe pikipiki zisiingie.

Mwendesha baiskeli,
Kahawa West, Nairobi