Wachumi, hebu ulizeni habari ya miwa

Kwa Mhariri,

Sijawaandikia tangu nistaafu ualimu, na sikukusudia kuandika tena. Lakini ile habari yenu ya maprofesa wa uchumi waliopigwa picha chini ya mwembe huku kwetu Busia imenishinda kuinyamazia.

Tumewazoea. Kuanzia 1998, shule 75 za Funyula na Budalangi, hapa hapa Busia, ziligawanywa na watafiti mafungu matatu ili yalinganishwe: fungu moja likameza dawa ya minyoo mapema, la mwisho likangoja hadi 2001. Dawa ilifaa, sibishi. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, akashiriki Nobeli ya uchumi ya 2019, na hongera yake. Utafiti mwingine wa vitabu vya kiada ukaonyesha kwamba viliwafaa wanafunzi waliokuwa wakiongoza tayari, maana wengi Kiingereza chake kiliwapita kando. Hilo mwalimu yeyote angewaambia kwa kikombe cha chai.

Mwezi uliopita alinijia karani wa utafiti, kijana mpole mwenye kishikwambi. Nikampa kiti. Akanihoji kwa muda wa saa mbili na nusu! Kuku wangapi? Kumi na mmoja. Tetea akapita katikati ya miguu yetu, kijana akauliza kama na huyo nimemhesabu. Mabati mangapi? Mimi na mama watoto tumegombana mara ngapi mwaka huu? Nikisema sikumbuki, kishikwambi kinagoma kuendelea, inabidi nitunge. Kisha: "Mzee, ungechagua shilingi 1,000 leo au 1,500 baada ya mwezi mmoja?" Nikauliza ziko wapi. Hazipo, ni swali tu. Nikasema leo. Akabofya, na naamini sasa nimo katika jedwali la wakulima wasio na subira. Akaniachia nusu kilo ya sukari.

Sukari, Mhariri! Mimi ni mkulima wa miwa. Miwa hukaa shambani mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi. Yangu ilikatwa, ikalala kando ya barabara siku sita ikikauka na kupungua uzito, trela likaja likamwaga nyingine njiani kwa sababu ya mashimo ambayo diwani wetu huyaona wakati wa kura tu, na kiwanda kikanilipa baada ya miezi saba, kikiwa kimekata pesa za mbolea, za wakataji na za usafiri. Mtu aliyengoja hivyo ndiye anayepimwa subira! Katika dodoso lote hapakuwa na swali hata moja la miwa. Pengine ni kwa kuwa malipo hayagawiki kwa bahati nasibu, kijiji hiki kilipwe na kile kisilipwe, ili wavilinganishe. Ingawa kiwanda ndivyo kinavyofanya.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya utafiti: kila profesa wa uchumi apande kwanza ekari moja ya miwa hapa Butula, aipalilie, aipeleke, angoje malipo. Akishaanza mwezi wa tano wa kungoja, nitamfuata na daftari langu nimuulize: elfu moja leo, au elfu moja na mia tano mwezi ujao? Sabuni ya kipande nitamletea.

Mwalimu mstaafu,
Butula, Busia