Chagua daktari kabla hujaugua

Ndugu Mhariri,

Hapa Uganda, ukitaja daktari wa familia, wengi humfikiria daktari wa tajiri anayeitwa nyumbani usiku. Tunaomba nafasi tueleze kazi yake halisi, kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika hospitalini hali ikiwa mbaya hawakukosa matibabu. Walitibiwa na watu wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyewafahamu.

Chukua mama wa miaka sitini anayemeza losartani na kidonge cha kukojoza kwa ajili ya presha. Magoti yanamuuma. Kliniki ya kwanza inamdunga diklofenaki, dawa ya maumivu. Duka la dawa linamuuzia vidonge vya diklofenaki hiyohiyo vya wiki mbili. Kliniki nyingine inaona presha imepanda, inamwongezea dawa ya presha. Kumbe diklofenaki yenyewe hupandisha presha, na ikikutana na hizo dawa mbili, hasa mgonjwa akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kulemewa kwa siku chache tu. Daktari anayemjua angeanza na parasetamoli na mazoezi ya misuli ya paja, kisha angepima kreatinini kwenye damu kuona figo zinaendaje.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa familia: kumtibu mtu kwa ujumla wake, si goti peke yake. Hakupi jina la mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja ulichopimwa ukihema kutoka kwenye boda. Anakuketisha dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko chini, anapima mara mbili, na ikiwa 140/90 au zaidi anakurudisha siku nyingine kuhakikisha, isipokuwa iwe juu kiasi cha hatari. Ukiwa na homa anapima malaria kwanza. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Kisipoonyesha malaria anatafuta chanzo kingine, wala hakutundikii dripu ya kwinini "kwa usalama". Hategemei kipimo kimoja cha damu kiitwacho Widal kukuambia una taifodi, maana mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonyesha majibu yaleyale. Huyohuyo hufuatilia ujauzito, uzazi wa mpango, sukari, sonona, chanjo za watoto, na hukumbusha binti wa miaka 10 achanjwe kinga ya saratani ya mlango wa kizazi.

Waliosomea fani hii hasa ni wachache. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 1989, na Mbarara nayo hufundisha; ni miaka mitatu juu ya shahada ya udaktari na mwaka wa mazoezi. Watafute katika hospitali za rufaa, hospitali za wilaya na za misheni. Usipompata, usikate tamaa. Anza na VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chako, au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umuulize kituo cha afya cha daraja la tatu cha gombolola yenu kiko wapi. Hapo huwa kuna afisa tabibu. Daraja la nne ndilo lililopangiwa daktari na chumba cha upasuaji. Uliza siku ya kliniki ya presha na sukari, kisha uende siku hiyohiyo kila mara. Mara nyingi utakutana na wahudumu walewale. Vituo vya serikali havitozi ada ya matibabu tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Dawa zikiisha kituoni, omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, si la kampuni, ili famasia yoyote ikuuzie iliyo nafuu.

Kwenye kliniki ya binafsi, kabla ya kulipa, tazama leseni ukutani. Inahuishwa kila mwaka, kwa hiyo soma mwaka, si muhuri tu. Jina la daktari linapatikana pia katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kwenye intaneti. Halafu uliza: asipokuwepo nani anashika zamu, na akishindwa anakupeleka hospitali gani? Barua ya rufaa iandike dalili, vipimo, dawa ulizopewa na kiasi chake, na sababu ya kukutuma. Bila hayo, huko uendako wataanza upya na utalipia tena.

Na lile daftari la shule la kurasa 48 mnaloandikiwa matibabu, tafadhali msilitupe likijaa. Kila mtu awe na lake. Ukurasa wa kwanza uandikwe dawa anazomeza kila siku na zile zinazomdhuru. Ukienda kununua dawa ya mafua, nenda nalo.

Ombi letu kwa wakuu wa vituo ni dogo: bandikeni mlangoni majina ya madaktari na maafisa tabibu, siku zao za kliniki, na lugha wanazozungumza. Katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, mgonjwa anayejua kuwa atasikilizwa kwa Kiswahili hurudi kwa miadi yake.

Wahudumu wa afya,
Tororo